Uso Ulioanikiwa Maharage

Basi swali lako halinipi utulivu, Furaha wangu: kwa nini babu yako mpya, ambaye nyimbo zake zinapigwa redioni hadi Mbarara, anahangaika na rangi? Hatujambo, shangazi yako Sifa amejifungua msichana, nami bibi harusi wa wiki tatu siwezi kukaa kitako kwa raha!

Tulipokuwa wageni hapa kambini Nakivale, huyu babu yako alikuwa jirani tu. Siku moja nilikuta gunia lenye matope limetandazwa juani, nikaanika maharage juu yake. Akaja mbio.

"Mama Sifa! Maharage ku uso ya mama yangu?"

"Mama yako ni gunia?" nikamcheka.

Akapiga magoti, akaondoa punje mojamoja. Hayakuwa matope, alikuwa amemchora mama yake kwa udongo.

"Sauti yake iko mu nyimbo zangu," akasema, "lakini uso unaanza kunikimbia."

Kicheko kiliniishia. Nafikiri nilimpenda palepale.

Sasa ananichora mimi, nami natikisika kila dakika. Kando yangu pichani ameacha nafasi yako, ila hajawahi kukuona. Najua bado hujampokea moyoni. Hata hivyo, kabla mwezi huu haujaisha tutakuja shuleni kwako Mbarara, akutazame vizuri.

Bibi yako