Filamu ya mwisho ya Tao Suyin

Sylvie, Mbuyi ametoka kwenye chumba cha video akilia.

Unajua mwigizaji Tao Suyin anaacha sinema. Mbuyi amemsemea kwa Kiswahili, akiwafasiria watazamaji kwa mikro ya kipaza sauti, tangu Tao alipokuwa akiigiza msichana wa upanga. Leo, katika filamu yake ya mwisho, ni mama aliyefiwa na mwanawe askari.

Mbuyi akasoma Kifaransa kilichoandikwa chini ya picha, akawaonea huruma wake wa askari wa base, kambi ya jeshi, waliokuja kutazama, akatangaza: "Mutoto amerudia!"

Amerudia, Sylvie, yaani amerudi nyumbani hai!

Maman Bokungu, ambaye mwanawe alizikwa Pasaka, akasimama. "Weye Mbuyi, minyi naona vile ule mama analia. Sema kweli."

"Amekufa, maman."

"Njo vile," akakubali Maman Bokungu. "Sasa nyamaza, tumulilie pamoja naye."

Mbuyi akaweka mikro chini.