Chupa ya Vanila Imepauka

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye hotpoti. Watoto waoge kwanza.

Asubuhi nilitoa ile chupa ya vanila niliyoloweka kwenye vodka, niitikise kama kila Jumamosi. Imejaa hadi palepale kwenye alama yangu ya kalamu, lakini rangi imepauka kama chai ya majani yaliyorudiwa. Kuna mtu anakunywa, kisha anajazia maji. ~~Labda mama yako.~~ Mama yako hafikii rafu ya juu. Na wewe uliniapia umeacha.

Chupa yenyewe nimekwenda nayo kazini, pale kabatini nimeacha nyingine inayofanana nayo. Nakujua, utapitia kabatini kabla ya kufika hapa mezani. Basi kama unasoma huku umekunja uso, hiyo uliyoonja ni siki.

Maji yako kwenye jagi. Kujazia unajua.

Mama Watoto