Pazia Juu ya Dada

Jumatatu, 9 Juni

Limetoka na boksi jeupe. Tena! Kwenye skrini bango linapendeza mpaka najisifu mwenyewe — nikilitoa kama picha, katikati ya familia yetu kunasimama boksi jeupe, kubwa kama mlango wa friji.

Niandike vizuri, maana hapa hakuna anayesoma. Ni bango la harusi ya mdogo wetu wa kiume, Jumamosi hii. Litakaa ukutani, unapoingia tu ukumbini. Picha ni ile ya sebuleni, ya mwisho tuliyopigwa baba akiwa hai. Wote tumo: baba na mama kwenye makochi, bwana harusi amekaa kwenye zulia, mimi nimesimama, na dada nyuma yangu, dirishani.

Jana mama aliniita jikoni, akafunga mlango. Dada asionekane. Bibi harusi ni mpwa wa yule mume ambaye dada alimwacha mwaka jana, na mama anaona wakwe wakikuta sura ya dada ukutani watasema tumewachokoza makusudi. Aje, ale, akae huko nyuma, kasema. Ila ukutani hapana.

Nikasema sawa, mama. Hivyohivyo! Kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, na ndicho kinachoniudhi. Nilinakili kipande cha pazia la dirisha, nikakikata kwa kufuata umbo la dada, nikamfunika, kingo nikazitia ukungu zisijulikane. Dakika chache tu. Dada yangu mzima, dakika chache. Ndipo sasa programu imegoma. Nimeongeza nukta za picha, nimezipunguza, nimezima, nimewasha. Boksi liko palepale aliposimama yeye.

Jumanne, 10 Juni

Kazini. Nikaona nimuulize Wino. Ndiye anayeendesha mashine kubwa pale dukani kwetu, tunakochapa mabango, na anaitwa hivyo kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata tangu nimjue. Lakini kumwonyesha faili lenyewe — hapana. Angeliona pazia, angeuliza, ningemjibu nini?

Nikafanya kituko. Nikafungua tangazo la sabuni la mteja mmoja, nikaitia chupa kivuli chenye ukungu, nikamwita. Nikamwambia nikiitoa hii inaniletea boksi jeupe. Akaitoa. Safi, chupa inang'aa! Akaitoa tena kwa saizi nyingine. Safi. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama jana nililala.

Hata hivyo kaniachia la maana. Kitu chenye ukungu kikiwa juu ya picha wakati mwingine kinaikoroga programu, inaamua kukipigia boksi. Unganisha vyote viwe kitu kimoja kwanza, kasema, ndipo uitoe. Nikamshukuru sana, kwa niaba ya sabuni isiyoumwa.

Nilijaribu wenzangu walipokwenda kula, skrini nimeigeuzia ukutani kama mwizi. Boksi limeondoka! Karibu nipige vigelegele. Halafu nikaikuza picha. Kuzunguka pazia kuna mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Unaanzia begani, unapanda, unazunguka kichwa, unashuka bega la pili. Yeyote mwenye macho ataona kwamba hapo palikuwa na mtu.

Bosi akapita nyuma yangu. Nikafungua sabuni.

Jumatano, 11 Juni

Nimelipanua pazia kidogo ili lipite umbo lake. Mstari nao umehama, umenifuata hukohuko. Nimeondoa ukungu wote, sasa pazia linaonekana limekatwa kwa meno. Nimeurudisha ukungu. Mstari umerudi. Naichukia programu hii. Hapana — programu inafanya nilichoiambia, ila haijui kusema uongo vizuri kama mimi.

Halafu nikauona mkono. Siku zote hizi sikuuona! Pazia limemfunika dada kichwa mpaka kiuno, lakini mkono wake wa kulia umebaki begani pangu. Vidole vinne na pete yake ya fedha, havina mwenyewe. Nilishtuka mpaka nikasogeza kiti nyuma.

Nikiwa hapohapo dada akanipigia simu. Ni yeye tu anayeniita Kijiti mpaka leo, na mwili wote huu.

"Kijiti! Bango limefikia wapi?"

Nikamwambia programu inanisumbua, nikitoa picha inaharibika. Kila neno la kweli. Akaniuliza kama nimeizima nikaiwasha. Ndiyo dawa yake ya kila kitu. Hata ndoa yake alisema hivyo: niliizima, nikaiwasha, ikagoma. Tukacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimeiwekea kidole pete yake kwenye skrini.

Kisha akauliza mwenyewe ametokaje, maana siku ile alihisi amefumba macho. Nikasema umetoka vizuri sana. Akasema nimtumie aone. Nikasema faili ni zito. Ameshona gauni la bluu, na anataka kufika mapema atusaidie kupanga viti. Mama alimwambia asijisumbue, yeye anasema mama anamwonea huruma.

Na kompyuta hii ni yeye aliyeninunulia nilipoanza kazi. Sina uso, kwa kweli sina.

Lakini sikuacha. Nilinakili kipande cha gauni langu nikakibandika juu ya mkono. Kiraka kimekaa vizuri. Wakati ule tunapigwa picha alinifinya bega ili nicheke, nikacheka. Sasa nacheka peke yangu pale pichani na hakuna atakayejua kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio, la sivyo nitajidanganya.

Asubuhi bosi alisema mashine ina nafasi leo tu, kesho imejaa kazi za watu wa mkutano. Kama nataka bango la kwetu nilete faili sasa hivi. Nikamletea Wino ile picha iliyounganishwa, yenye mstari. Aliikuza, akatia ulimi kwenye jino lake la pembeni, akakataa. Hataki jina lake liwe kwenye kitu chenye kovu, tena cha mfanyakazi mwenzake, tena cha harusi. Nipe faili lenyewe, kasema, siyo picha. Nitalitoa mimi kwenye kompyuta yangu, huo mstari nitajua la kuufanya.

Nilisitasita. Bosi amesimama na miwani yake kwenye paji la uso, ananisubiri. Ningesema nini mbele ya watu? Nikampa flashi. Nikajifariji kwamba Wino ana kazi nyingi, ataurekebisha mstari na kuchapisha, hatachungulia. Na bosi papo hapo akanituma niende nikapime kibao cha duka la viatu.

Niliporudi lilikuwa limeshatoka. Limening'inizwa ukutani likauke, refu kuliko mimi na dada tukipandiana mabegani. Na dada yumo. Mzima! Amesimama dirishani, mwanga unampiga shavuni, macho hakufumba, mkono uko begani pangu na pete yake. Kwa kweli ametoka vizuri kuliko sisi wote.

Wino alikuwa anajipangusa mikono, amejaa furaha.

"Nimekupatia ugonjwa wako! Kulikuwa na pazia limeteleza, likamkalia huyu dada usoni. Na kiraka kingine hapo begani pako. Nimevitoa vyote. Tazama sasa — hakuna boksi, hakuna mstari."

Akaendelea kunieleza kwamba programu hizi zina wazimu, ukibofya vibaya kitu kinahama bila wewe kujua, usijilaumu. Usijilaumu! Pazia lililokatwa kwa kufuata nywele za mtu, unywele kwa unywele, na yeye akaona limeteleza. Haikumpitia kabisa kichwani kwamba mtu anaweza kufanya vile kwa kusudi. Natamani ningekuwa na kichwa chake.

Akauliza mbona tumefanana, ni ndugu? Nikasema dada yangu.

"Ah! Basi angeudhika kweli."

Nikacheka. Nikasema asante. Nikasema asante tena. Neno moja tu lilitakiwa — ni mimi — na halikutoka. Bosi naye akaja akalisifia bango, akasema hilo likae dirishani siku moja wateja waone kazi. Nikasema harusi imekaribia, tutalihitaji.

Na hili nalo niliandike, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilipomwona pale ukutani, kabla sijaogopa, nilifurahi. Kisha nikamkumbuka mama.

Ijumaa, 13 Juni

Mama anataka kuona. Nimemtumia picha ya skrini, ile yenye pazia. Amenipigia palepale, sauti imelegea kwa nafuu. Kasema usingizi ulikuwa umempaa wiki nzima. Kasema mimi ndiye mtoto anayemwelewa. Ilikuwa nafasi ya kumwambia kwamba bango lililochapwa silo hilo. Nilijitia kukohoa.

Kurudia bango haiwezekani, mashine ni ya watu wa mkutano. Ila ile mashine ndogo ya stika haina foleni. Nadhani nilijua tangu jana nitafika hapa.

Nimelitoa pazia peke yake, stika ya kubandika juu ya dada bangoni, saizi ya mtu mzima, na kile kipande cha gauni pembeni. Mara moja tu! Limetoka safi, halina boksi, halina mstari, kila kunjo liko mahali pake. Wiki nzima programu inanitesa, leo imekuwa tiifu kama mtoto anayetaka pipi.

Nilisahau kwamba stika zote hukatwa na Wino.

Aliitandaza mezani. Akaichunguza. Akauliza hili si lile pazia? Nikatazama sakafu, nikasema ndilo. Aliuliza polepole kama yule ni dada yangu wa tumbo moja. Ndiyo, nikasema.

Hakunisema. Afadhali angenisema! Aliikata kingo zote kwa uangalifu wake uleule, akaikunja, akaifunga kamba, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyowakabidhi wateja. Siku nzima hakunitania hata mara moja. Sijawahi kuona aibu kama leo, na nina hakika kesho itaipita.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika chooni, ukumbini. Kwenye simu, nitanakili baadaye. Au sitanakili.

Nilikuja mapema kuliko wote. Bango watu wa ukumbi walishalipandisha. Nikavuta ngazi, stika kwapani, nikapanda. Nimeshafika usawa wa bega la dada pichani, najiambia hii ni plastiki tu, siyo mtu, bandika ushuke. Namenya ile karatasi ya nyuma na kucha haishiki.

"Kijiti! Utavunjika shingo wewe!"

Dada. Gauni la bluu, viatu mkononi, amekuja kupanga viti. Akavitupa viatu, akakimbia akanishikia ngazi. Nikaikunja stika haraka haraka. Hakuitazama hata. Alikuwa ameinua uso juu, analiona bango kwa mara ya kwanza.

Alilipitia sura kwa sura, mpaka akafika kwenye yake.

"Mmeniweka," akasema.

Kisha akaanza kulia, huku bado ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, hawezi kujifuta. Akasema alishajiandaa kutojiona. Mama anampiga chenga kwenye simu tangu mwezi uliopita, yeye si mtoto, alielewa. Alisema usiku alijiambia wakimtoa hatasema kitu, asimharibie kaka yetu siku yake. Halafu akacheka, kamasi na yote.

"Nikajua lakini kazi itapitia kwako. Na wewe huwezi kunifanyia hivyo."

Nilishuka. Sijui nilishukaje. Akanikumbatia, mkono palepale begani, na stika katikati yetu inatoa mlio. Akauliza hilo ni nini. Nikasema mapambo. Nikasema nimebanwa haja.

Sasa niko humu. Nimeegemeza pazia kati ya ndoo na mlango, halienei, linajikunjua lenyewe. Namsikia anaburuta viti na kuimba. Akipita chini ya bango anaacha kuimba. Kisha anaendelea.

Naweza kulichana. Ni jambo dogo, kulichana. Lakini mama! Atanitazama mimi kwanza, ataitoa simu yake na ile picha niliyomtumia, na dada atakuwa amesimama hapohapo. Nikilibandika, nimekwisha. Nisipolibandika, nimekwisha vilevile, ila —

Mama amegonga. Nimeijua bangili yake. Anauliza kwa kunong'ona: umo humo? Umeshabandika? Nimepita mlango wa nyuma, bado sijaona. Wakwe wako njiani, hima!

Anamaanisha bango; habari ya stika hajui.

Viti vimeacha kuburutwa.

"Kubandika nini, mama?"

Ni dada, yuko karibu, sauti bado ina kicheko. Naona viatu vya mama na miguu mitupu ya dada chini ya mlango, yote imenielekea mimi, na kona ya pazia imeshachungulia nje —