Nasir Ana Baridi Tu

Mama yangu mpenzi, Mungu akurehemu,

Juzi ofisini nilikuwa natafsiri, nikakutana na kitenzi cha Kiingereza ambacho hata Waingereza wengi hawakijui: "burke". Maana yake ni kulizima jambo la aibu chini kwa chini, lisipate kusemwa. Kamusi inasema kimetokana na muuaji wa jina hilo aliyekuwa akiwaziba watu pumzi. Nikacheka peke yangu. Wewe hukuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kazi hii ulikuwa fundi wake!

Kitindamimba wako, Nasir, alikuwa akiumwa mifupa mpaka analia. Daktari alikwambia mbele yangu kuwa ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulipofika nyumbani kwetu Hail, huku Saudia, ukatukalisha sote: "Nasir ana baridi yabisi. Mtu akiuliza, baridi tu." Basi ikawa baridi. Mwezi wa Julai, kiyoyozi kimeelemewa, mtoto wa watu kavalishwa sweta ili wageni waamini! Maumivu yakimzidi, ulimpeleka chumba cha nyuma ukafungulia televisheni kwa sauti. Mimi ndiye niliyekaa naye. Alikuwa akiuma mto.

Na mgeni akizidi kudadisi, ulimsogezea sahani ya halwa. "Kula, bibi, bado ya moto hii." Hodari ulikuwa, wallahi.

Nilikuuliza mara moja tu kwa nini. "Nna mabinti watatu wa kuozesha," ukasema. "Nani ataposa nyumba yenye maradhi?" Tukaolewa sote. Nasir alipofariki, ukawaambia watu ni homa. Nilikukasirikia sana, mama, nikanyamaza.

Sasa zamu yangu. Mjukuu wako Asma, binti yangu, kapata mchumba, kijana mzuri, wanapendana. Asma amepimwa: mwenyewe haumwi, lakini ameibeba sikoseli kwenye damu. Kijana naye akiwa ameibeba, watoto wao wanaweza kuzaliwa na maradhi ya Nasir. Ijumaa mama wa kijana alikuja na dada zake kuposa. Tulipokwisha kusifiana watoto, akaanza kuulizia ukoo, kama ilivyo ada. "Na marehemu mdogo wako, alikuwa akisumbuliwa na nini?"

Mama, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya halwa! Nikaurudisha.

"Sikoseli," nikasema. "Na Asma anayo kwenye damu. Mwanao naye apimwe kwanza, ndipo tupange."

Yule mama akatikisa finjani yake, kwamba kahawa imemtosha. "Haya, tutazungumza," akasema, wakajitanda mabuibui yao wakaondoka.

Mpaka leo hawajapiga simu. Asma hasemi na mimi, chakula namwekea mlangoni. Jana nimemsikia akilia, nikaingia kumkumbatia, akanisukuma. "Bibi asingenifanyia hivi," akaniambia.

Ni kweli, usingemfanyia. Neno lile limenikata maini, lakini sijutii. Yule mama akirudi kesho kuniuliza, ntamjibu vile vile.

Ila naogopa, mama. Kila simu ikilia moyo unaruka. Kumbe na wewe uliogopa hivi hivi, miaka yote ile, na hukuwa na mtu wa kumwambia.

Nisalimie Nasir.

Mimi, kifunguamimba wako