Rangi za Jiko Letu la Kibabi

Mama Bahati, mama mkwe wangu mpendwa,

Asubuhi ya leo nilikuwa napaka upya ukuta wa jikoni, na kila nilipochovya kitambaa kwenye udongo nilikusikia ukinigombeza: "Usipake sawa mutu mwenye anafukuza inzi!" Nikacheka peke yangu hadi kuku wakakimbia. Nikanawa mikono, nikaona afadhali nikae nikuandikie, hata kama huko uliko hakuna lori linalofika.

Unakumbuka nilivyokuja? Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Mwanao Bahati alikuwa akipakia mizigo kwenye lori la Papa Kasereka, yule mtu wa Butembo mwenye duka pale Sake. Lori lilifika hadi kwetu Walikale kuchukua mawese, na huko ndiko alikoniona. Nikatolewa msituni kwenye joto, nikaletwa kwenye vilima vya Kibabi ambako ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Mimi sikujua Kihunde, wewe hukujua Kinyanga. Tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake: pale niliposema 'ndiye', wewe ulisema 'njo'.

Jiko lako la zamani lilikuwa fupi, na mimi ni mrefu. Kila asubuhi niligonga kichwa mlangoni, na kila asubuhi ukaniambia, "Pole," hadi nikafikiri ndilo jina langu jipya. Nilikuwa nakonda, Mama. Baridi ilinitesa, maharage yenu sikuyazoea, na Shangazi Nyota, dada wa baba mkwe, alikuwa akisema wazi wazi kwenye shamba: "Huyu wa musituni hatakaa. Mutamuona."

Kisha mvua kubwa ikaangusha ukuta wa nyuma wa jiko, na paa likafuata. Nilisimama uani nikilia kana kwamba nimeliangusha mimi. Wewe ulitazama lile lundo la udongo na nyasi, ukapiga makofi.

"Mungu asante! Imeanguka bila mutu ndani. Sasa tunajenga ingine, na wewe njo utachagua."

"Mimi, Mama?"

"Mimi niko nazeeka. Nani atapika humo? Wewe. Mutu mwenye kupika njo anachagua."

Shangazi Nyota akaweka kapu chini. "Bibi arusi anachagua jiko? Kesho atachagua na shamba!"

"Akichagua shamba atalima," ukamjibu, na maneno yakaishia hapo.

Bahati ndiye aliyeanza kutuletea mawazo ya mjini. Alitaka mabati. Ukamwuliza moshi utatokea wapi, akasema utatokea mlangoni. Ukasema, "Na mimi nitatokea wapi?" Tukabaki na nyasi, lakini mlango ukainuliwa. Ulinisimamisha kwenye nguzo, ukaweka kiganja juu ya kichwa changu, ukamwambia Bahati akate mwanzi juu ya hapo, na aongeze kidogo kwa ajili ya mtungi nitakaoubeba.

Halafu akarudi kutoka Sake amekumbatia kopo la rangi ya mafuta, ya kijani, kama ile iliyopakwa kwenye biro ya chefu, ofisi ya mtawala wetu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyezaa.

"Kijani njo rangi ya biro," ukasema. "Nitapika majani ya sombe ndani ya biro? Watu watakuja kuniomba karatasi!"

Hukumkatalia hivi hivi, maana hukupenda kumvunja moyo. Ukachukua kipande cha ubao, ukakipaka, ukakiegemeza karibu na moto. Rangi ikavimba mapele, ikanuka hadi jirani akaja kuuliza tunachoma nini. Bahati mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Kile kijani kikapakwa kwenye ubao wa dirisha, upande wa nje, mbali na moto, na kuku mmoja akatembea na mkia wa kijani hadi Noeli.

Mafiga nilichagua vibaya. Nilipenda mawe ya mtoni, laini, ya mviringo, yalikuwa mazuri kuyatazama. Uliweka moja kwenye moto uani, ukatuambia turudi nyuma. Lilipopasuka kwa kishindo, Shangazi Nyota alitupa kapu na kuita watakatifu wote. Bahati akatuletea mengine kutoka Sake, yale meusi ya volkano yenye matundu. Ukasema hayo yalishazaliwa ndani ya moto, moto wetu hautayafanya kitu.

Ila sakafu! Uliponionyesha kinyesi cha ng'ombe na kusema nikichanganye na majivu na udongo, kwa mikono, nilikutazama nikidhani unanijaribu. Kwetu hakuna ng'ombe, Mama. Nilifunga macho, nikatia mikono. Kilikuwa bado na uvuguvugu. Nikapiga kelele, ukapiga kelele kunijibu, kisha ukapiga magoti kando yangu na kutia ya kwako. Tulisiliba tukirudi nyuma kuelekea mlangoni, bega kwa bega, na wewe ukiimba. Siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyosahau kwamba nina baridi.

Na ndipo mama yangu alipofika.

Dereva wa lori alikuwa amemwambia kule Walikale kwamba binti yake amekonda. Akapanda lori la kurudi, juu ya mapipa ya mawese, akaja kunichukua. Alitukuta tukipaka kuta udongo mweupe ulioutoa kwenye ukingo wa mto. Nilikuwa mweupe hadi viwikoni, na nywele vilevile. Alisimama uani na mzigo wake kichwani, hata hakusalimia.

"Funga vitu vyako. Tunaenda."

Wewe uliacha kitambaa. Nilitegemea ungekasirika, au ungeita wanaume. Ulimtua mzigo kichwani, ukamletea kiti na maji, kisha ukasema polepole, "Mama, mutoto ni wako. Akitaka kwenda, nitamusindikiza mimi mwenyewe mpaka kwa lori. Lakini umuulize yeye."

Wote mkanigeukia. Nilitazama ukuta, nusu mweupe, nusu bado wa udongo mbichi.

"Mama," nikasema, "ngoja kwanza nimalize huu ukuta."

Mama yangu akasimama, akaingia jikoni bila kuinama, akapapasa kuta, akakanyaga sakafu, akasogeza figa moja kwa mguu kuona kama limekaa vizuri. Alipotoka alikuwa na uso mwingine.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini nyeupe tupu iko sawa nyumba ya mufu."

Nikashika kichwa. Wewe ukaangua kicheko! "Basi utuonyeshe, Mama!"

Akafungua mzigo, akatoa ngula, ule unga mwekundu wa mti wa kwetu ambao mabibi arusi hujipaka. Mlichanganya na udongo mkibishana, yeye akiongeza ngula, wewe ukiongeza maji, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kwa lugha yake, na mkazungusha mstari mwekundu kutoka mlangoni hadi mlangoni. Sijawahi kuona wanawake wawili wanaobishana kwa lugha mbili wakielewana hivyo.

Leo kuna nyumba nyingi Kibabi zenye mstari huo. Ya pili ilikuwa ya Shangazi Nyota. Alikuja mwenyewe kuniomba, akitazama pembeni. Mimi sasa nina umri mkubwa kuliko uliokuwa nao wakati ule. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, siku hizi nachelewa kujibu, na kuchelewa kwenyewe kunanifurahisha. Nakukosa, Mama, lakini nakukosa nikiwa nimeshiba.

Mama yangu alirudi na lori lililofuata, peke yake. Tulimpungia mkono hadi likapotea kwenye kona. Niliingia jikoni, nikageukia ukuta. Ukaja nyuma yangu.

"Unalia?"

"Ni moshi, Mama."

"Moshi ya wapi? Moto hatujawasha."

Ukanifuta uso kwa kitenge chako, ukanipa kibiriti niwashe mimi.

Lala salama, Mama. Salamu kwa wote walio nawe.

Mimi mkamwana wako, yule wa msituni.