Kilo Zangu Wamezipa Samaki

Mupendwa Mama Charlotte wa radio,

Nakusalimu kwanza, na unisamehe kama barua inafika na doa ya mafuta, nimeiandika ku jikoni, pahali moja tu ndani ya nyumba yangu ambapo hawajaleta balance. Naomba musaada wako maana hata ku kanisa imenishinda, nilianza kumuelezea mama pasta matatizo yangu, akanisikiliza vizuri, akashika mukono yangu, kisha akaniuliza kama nikikonda zaidi hawezi kupata kapahali kadogo ka mufuko yake ya unga ya muhogo.

Miye ni mama ya Arielle. Bwana yangu Zacharie anauzisha maharagi kwa jumla, ndiyo maana ile balance kubwa ya kupimia magunia iko ku salon. Siye ni watu wa Fataki, tulifika Bunia na miguu wakati wa vita, na Arielle ndiye nilibeba ku mugongo. Leo yeye ni mwanamuke mukubwa, ameolewa kule Montréal, mimba yake ya kwanza iko karibu kutimia, na ku simu aliniambia kama anataka mama yake, nikuje nimukande na maji ya moto vile nimekandaka wazazi wote wa avenue yetu. Visa ikapatikana, wakaibandika muli passeport yangu, tukacheza ku salon mpaka jirani wakakuja kuuliza kama kuko ndoa. Ilibakia tu kuchagua ndege.

Mama Charlotte, ndege ndiyo imenimaliza.

Familia ikaketi. Bwana yangu akataka kampuni yenye escale moja, kusimama njiani mara moja tu. Mutoto wa kaka yake akasoma ku telefone yake nani anaacha nafasi ya magoti na nani anatoa kuku ya moto, wakalinganisha makampuni kama watu wanachagua muchumba. Mumbere, mudogo ya bwana yangu, yeye hakutaka kusikia magoti wala kuku, alitaka tu ndege ya mabagage mingi, maana iko na samaki ya chumvi toka Mahagi-Port ya kutumia marafiki yake kule. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Ndiyo Élisée akainua mukono.

Élisée ni kaka mukubwa ya bwana yangu, na kazi yake iko hapa ku uwanja wa ndege, yeye ndiye anapandishaka wasafiri ku balance na mizigo yao mukononi mbele ya ndege ndogo kuruka, weye mwenyewe unajua vile wanafanyaka. Akasema tunapoteza wakati na majina ya makampuni, ndege yote ni moja, kila mutu anapewa kilo zake, mwili pamoja na muzigo, ukipunguza mama umeongeza muzigo. Kisha wakageuka wote wakaniangalia.

Toka siku ile, kila siku ya Yenga tukitoka kanisa, wananipandisha ku balance na kitenge yangu ya ibada. Na kilo waligawanya mbele hata sijazipoteza. Mumbere alijichukulia za kwanza, juu ya samaki. Denise, muke yake, akapata za majani ya sombe ya kukausha. Kwaya ya wamama wakapata za mwisho, juu ya zawadi ya mutoto. Sasa nikiongeza kipande ya ugali, Mumbere ananiangalia kama nimeingiza mukono ndani ya mufuko yake. Juzi nilikula beignet, ile mandazi Angèle anauzisha pale ku kona, nilikuwa na njaa ya kweli, nikafuta mudomo vizuri, lakini balance haifichwi kitu. Mumbere aliangalia mushale, akasema na upole, kama mutu wa kilio: « Mama Arielle, ile ulikula ilikuwa kichwa ya samaki yangu. »

Nataka ujue kitu moja. Mwili hii haiko uvivu. Wakati tulifika hapa toka Fataki nilikuwa mifupa na kitenge, kilo hizi zilikuja pole pole, kila mara masasi ya vita inanyamaza miezi kidogo, na miye naongeza kidogo. Hata leo bado tunalala na viatu karibu ya mulango, lakini angalau tunakula. Na sasa wanataka nirudishe yote, juu ya samaki. Inaniuma, Mama Charlotte, inaniuma sana.

Basi, sikukonda. Yenga moja nilikuwa nimeongeza. Wakaketi tena, bila miye, wakatoka na neno kama Hortense ndiye ataenda pahali yangu. Hortense ni dada ya bwana yangu, anaishi Iga Barrière, mwembamba tangu kuzaliwa, akipanda ku balance mushale inasita. Nikawauliza, na visa? Élisée akajibu kama yeye ameona miaka mingi, ku ndege hawaangaliaka sura, wanaangaliaka mushale. Arielle mwenyewe hakuna mutu amemuambia. Hortense ameshafika na kikapo yake, analala ku chumba ya watoto, na wamemuvalisha koti ya baridi ile Arielle alinitumia miye. Inamuzunguka mara mbili. Nililia ku choo.

Sasa nifike ku zambi yangu. Mama Charlotte, ninamunonesha.

Toka siku ya kwanza. Asubuhi namupa maziwa na mukate yenye karanga, midi maharagi inaogelea ndani ya mafuta ya mawese, jioni ugali, nyama ya mbuzi, avocado, na mbele alale namuletea tena ndizi. Namuambia, wifi, kula, kule Canada kuko baridi. Na yeye anakula. Hakatai. Anaongeza. Kifungo ya jupe yake, pale kiunoni, imeshakatika, na miye ndiye nilimushonea ingine. Bwana yangu alisimama mbele ya pasta akanisifu kama niko muke wa roho safi, maana wamenipokonya safari na bado natunza wifi yangu. Niliinamisha kichwa kama mutu munyenyekevu, kumbe nilikuwa naangalia mikono ya Hortense kama imeanza kujaa.

Siku ya posho, ile inatangulia Yenga, ndiyo watatupima siye wawili mara ya mwisho, kisha Zacharie anaenda ku agence kukata tiketi ya ule mwepesi. Ninapika na njaa, ninamuangalia anakula, ninatabasamu, na usingizi sina. Uniambie, ni zambi? Na ni ndege ya kampuni gani inaweza kukubali mama kama miye na samaki pamoja? Maana hata kiti naogopa. Zacharie alipima upana ya siège za ndege ku telefone, akatafuta kiti ya plastiki ya kanisa yenye upana sawasawa, nikaketi vizuri kabisa, lakini wakati wa kusimama, kiti nayo ilisimama.

Ni miye,
Mama Arielle, jikoni, Bunia

*

Mama Arielle,

Barua yako nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na hasira ndiyo imebakia.

Nianze na ile itakushangaza. Ndege kubwa haipimi mutu. Sitaki uamini miye tu, nilipiga simu kwa mutu wa agence moja hapa mjini, nikamuuliza kama wasafiri wa Canada wanapandaka ku balance. Akanyamaza mpaka nikafikiri réseau imekatika. Alikuwa ameweka simu mbali ili acheke. Shemeji yako Élisée anajua kazi yake: ndege ya hapa kwetu ni kadogo, na bila kupima watu inaweza kuwa mambo ya kilio. Lakini ujuzi ya Élisée inaishia Entebbe, kule Uganda pale ndege kadogo inatua. Toka pale na kuendelea, kila mutu mwenye alilipa iko na kiti yake na mabagage yake vile imeandikwa ku tiketi, awe munene, awe mwembamba. Hata Hortense angepanda na mifupa tu, hawangemuongezea kichwa moja ya samaki.

Na passeport, Mama Arielle. Ni sura ya nani iko ndani? Mutu wa mupaka hana balance, iko na macho. Hortense angefika pale na koti yako, na sura yake, na visa yako, wangemurudisha, kama hawajamufunga. Mulikuwa watu wazima wangapi ndani ya ile salon? Mulijadiliana kuku ya moto, hii mukaacha.

Sasa nikugombeze weye. Mutoto yako anahesabu siku zake kule, anafikiri mama yake anafunga mizigo, na weye uko jikoni unamimina mawese kwa siri. Simu unayo. Ungemuita Arielle siku ile ya kwanza, hii mambo haingefika hata Yenga ya pili. Ulinyamaza mbele ya Mumbere, ukanyamaza mbele ya Élisée, hasira yote ukaiweka ndani ya sufuria. Munyenyekevu gani huyo?

Na sufuria yenyewe, sikia vizuri. Siku ile barua yako ilifika, mwanamuke mumoja alipiga simu hapa radio. Alisema iko mugeni kwa kaka yake, wanataka kumupandisha ndege kubwa kwa lazima, na yeye anaogopa ndege vibaya. Mara moja katika maisha yake alipanda ile kadogo, na alishika shingo ya pilote mpaka kutua. Hajui namna ya kumukatalia kaka yake mukubwa. Kwa hiyo anakula. Anakula kila kitu wanamuletea, akiomba Mungu apate kilo nyingi mbele ya siku ya posho, na anashukuru sana muke ya kaka yake mwenye huruma, ambaye bila shaka ameelewa shida yake na anamusaidia kimya kimya. Nilimuuliza kama pale ku salon kuko balance. Akalia. Ni yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kusema haya mbele ya poste zote za radio.

Ndiyo hivyo. Sahani ulikuwa unamupa kwa ubaya, yeye alipokea kama musaada. Zambi ni zambi, matokeo mazuri haiko sifa yako. Umuombe samahani leo, umuvue ile koti, kisha mukule naye sahani moja, na weye ushibe.

Juu ya ndege, jina ya kampuni hainisumbui, na isikusumbue. Utake tiketi moja toka Entebbe mpaka Montréal, si vipande vipande, ili mabagage ipokelewe pale na uione tena mwisho wa safari. Escale moja inatosha, lakini usikubali ile ya kukimbia, magoti yako imebeba mengi. Uliza agence kama pale katikati wanaomba visa ya kupita tu. Na usidanganywe na tiketi rahisi kabisa, mara ingine haina hata bagage moja, sasa Mumbere atakufa. Kiti omba ya couloir, ile ya kando ya njia, usimame na kutembea kila mara miguu inakuwa nzito. Mukaba ikiwa fupi, kuna kipande ya kuongeza, mwambie hostess akuletee, haina haya, wakubwa wengi wanaiombaka. Ile kiti ya kanisa urudishe kanisani.

Samaki itaenda ndani ya nafasi itabakia kisha vitu ya Arielle kuingia, na ukifika kule ku mupaka useme wazi kama uko nayo. Nyama uache nyumbani. Unga ya mama pasta, umuambie miye nimekataa.

Kufika Entebbe, kama barabara ya Mahagi iko na utulivu wiki ile, pita chini, na gari. Kama hapana, panda ile ndege kadogo, Élisée akupime mara moja tu, na umuambie asome namba kwa sauti.

Papa Arielle, najua unasikiliza, dada yako alisema radio yenu imewekwa juu ya hiyo balance. Uirudishe ku depot, maharagi inaingoja. Weye ulitembea mbele ya huyu mama toka Fataki, uliona vile alikuwa. Kila kilo unamupunguzia leo, ni kilo ya siku moja mulilala bila kukimbia.

Na weye, Mama Arielle, siku ile uliweka mutoto ku mugongo na hakuna mutu aliuliza uzito yako wala yake. Ni mutoto ule ule anakuita. Usingoje siku ya posho. Kesho asubuhi ukule, ushibe, ufike ku agence na miguu yako, useme: nafasi moja, ya couloir, jina ni yangu, na mwili inakuja yote.

Mama Charlotte