Kuinua Mdomo wa Mbwa

Area 23, Lilongwe
9 Februari 2025

Papa mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Mgongo uko namna gani? Na macho, bado unaweza kutia uzi kwenye sindano? Mi niko muzima, kikohozi kimeisha.

Unaniuliza kama ni kweli katika hospitali yetu mbwa wanalazwa kama batu. Ni kweli. Kila mmoja iko na chumba chake cha waya na karatasi yake. Wengine wameokotwa njiani, wengine wamegongwa na kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Kazi yangu ni kuwashika, kupima joto, kusafisha vidonda, na kumpa Docta Mkandawire vyombo wakati anapasua. Juzi tumetoa soksi nzima katika tumbo la mbwa mmoja. Alipoamka, akaanza kuitafuta.

We ulichunga mbuzi miaka mingi, najua utauliza: mnajuaje kinachomuuma, naye hasemi? Tunaanza na mdomo. Unainua mdomo wa juu, unaangalia fizi. Zikiwa na rangi ya waridi, damu inatembea vizuri. Zikiwa nyeupe, kuna shida.

Mama Antoinette anarudi huko kambini Dzaleka kesho na vitenge vyake, barua inakuja naye.

Mutoto wako,
Ketsia


Dzaleka
16 Februari 2025

Ketsia binti yangu,

Amani iwe kwako. Hapa tuko salama, mgongo unalalamika asubuhi tu.

Niliposoma neno fizi, moyo uliruka. Nikafikiri unataka kurudi kwetu Fizi, kule Kongo! Kumbe ni nyama ya meno. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Tangu hiyo barua sina raha, nataka kuona kila mdomo. Mbuzi wa Pasta Delphin iko na fizi nzuri. Wa jirani yake, nyeupe. Nikamwambia ni minyoo, na kweli ilikuwa minyoo. Sasa batu wananiita docta.

Alhamisi mbwa mmoja asiye na mwenyewe aliingia chini ya meza ya mashine yangu. Mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, sauti imekauka. Nikasema mfupa umemkwama. Nikainua mdomo namna uliandika. Akanipata kidole, kidogo tu, matone matatu ya damu. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kushona. Yeye akaenda upande wa kanisa, anatembea kama mlevi.

Mfupa sikuuona. Sasa niambie, ni ugonjwa gani unatoa mate namna ile? Napenda sana kujua.

Papa yako


Lilongwe
24 Februari 2025, saa mbili asubuhi

Papa,

Salamu nitakupa nikifika. Mama Antoinette aliugua njiani, barua yako nimeipata leo. Simu ya Pasta Delphin haipatikani.

Osha kile kidole na sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano, hata kama kimepona. Usimguse tena yule mbwa. Nadhani ni kichaa cha mbwa. Kinaingia kwenye kidonda, kinatembea polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Kikifika huko hakuna dawa. Kabla hakijafika, chanjo inakizuia. Zimepita siku kumi na moja. Bado tuna nafasi.

Docta anapiga simu kutafuta mahali chanjo iko. Hubert, dereva wa minibasi, anaondoka sasa, nimempa barua hii akuletee mkononi. Nikipata jibu tu, nakuja kukuchukua.

Nisamehe. Mi njo nilikufundisha.

Ketsia


Dzaleka
12 Machi 2025

Ketsia mama yangu,

Nakusalimia sana. Nakula, nalala, sindano ya nne ya juzi haikuuma. Msalimie Docta.

Kuna mambo ya ile siku hujayajua. Hubert alinipa barua, nikaisoma nimesimama. Niliosha kidole mpaka sabuni ikaisha. Kisha nikajiuliza: huyu mbwa alipita kwa nani mwingine? Nikaanza kugonga milango. Batu wakasema, "Papa Evariste, umekuwa polisi?" Nikawaonyesha kidole.

Kwa Mama Douce, jirani yetu wa tangu zamani, alijibu "hapana" mbio mbio. Lakini joto lote lile alikuwa amefunika mguu na kitenge.

"Mbwa alikuuma, Mama?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Akalia. Aliogopa watasema amerogwa. Njo maana ulipokuja kunichukua kwenda kwenye sindano ulitukuta wawili barabarani, naye amejifunika hata uso. Leo ameniruhusu nikuandikie.

Na mi niliogopa, Ketsia. Wakati tulikimbia vita, risasi ilisikika, ulijua imetoka wapi. Hii inatembea ndani bila kelele. Mpaka leo kila asubuhi nakunywa maji kwanza, nione kama koo linakubali. Kwa nini mgonjwa wa kichaa cha mbwa anaogopa maji? Na niambie ukweli: ulinishika mkono kwenye sindano namna unashika mbwa?

Papa yako


Lilongwe
6 Aprili 2025

Papa mpendwa,

Nafurahi maji yanapita. Mgonjwa anaogopa maji kwa sababu koo linakaza kila akijaribu kumeza. Lako halitakaza, sindano zote umezipata kwa wakati, na Mama Douce vilevile. Yule mbwa aliyekutwa amekufa nyuma ya kanisa alipimwa. Ni chenyewe, kichaa cha mbwa.

Ndiyo, nilikushika namna hiyo hiyo. Ulitulia kuliko wengi.

Tarehe 10 Mei tunakuja kuchanja mbwa wa Dzaleka. Batu wataogopa kwamba tumekuja kuwaua. Docta aliuliza nani ataenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Nikasema mi nina mtu, na milango anaijua.

Mutoto wako,
Ketsia


Dzaleka
11 Mei 2025

Ketsia,

Najua jana tu ulikuwa hapa, lakini hatukupata nafasi ya kuongea. Umeamka salama? Mikono haikuumi?

Sikutegemea mbwa wengi vile. Wamefungwa kamba, wamefungwa vipande vya kitenge, na ule mmoja mzee aliyeletwa kwenye toroli, amekaa kama chifu. Mi nilisimama nyuma ya mstari, nakuangalia. Unawaongelesha. Sikujua kama unawaongelesha.

Mwanaume mmoja, mgeni, amefika mwezi uliopita, akamuuliza Mama Douce: "Huyu docta mwanamke ametoka wapi?"

Mi nikasogea karibu. Nilitaka kusikia atajibu nini.

Akasema, "Wa hapa. Tumemuona akikua."

Yule mwanaume akavuta mbwa wake mbele. Mi nikarudi nyumbani polepole. Njiani nikalisema lile neno peke yangu, "hapa", mara mbili, nisikie linakaa namna gani.

Papa yako,
Evariste